Mchuzi na supu za Kithai kwa pesti ya dukani

Haupiti mwezi bila mtu kuniuliza jambo hili. Kanunua kikopo cha pesti ya Kithai, kachota kijiko, kakoroga kwenye tui, kachemsha, na alichopata ni maji mekundu yenye ukali wa pilipili mbichi, ladha yenyewe chapwa. Kosa liko wapi? Mwingine anashuku pesti imepitwa na muda. Mwingine keshaitupa.

Pesti haina kosa. Umepika kwa mazoea ya pwani tu. Sisi tunatanguliza tui la pili, kitoweo kinaivia humo, kisha tui zito, lile la kasimile, linaingia mwisho kwa moto mdogo, na mwiko hautoki sufuriani ili tui lisikatike. Likikatika, utasikia maneno. Mchuzi wa Kithai unakwenda kinyume nyume: tui zito ndilo linaloanza, moto ni wa kutosha, na unalitaka likatike. Mafuta yake yakishajitenga, humo ndimo pesti inamokaangwa. Wathai wana jina la hatua hii, taek man, yaani mafuta kupasuka. Ukiishika hiyo, mengine yote ni mepesi.

Supu ina njia yake, nitaifikia baada ya mchuzi.

Pesti yenyewe

Ninaposema pesti nakusudia viungo vilivyotwangwa pamoja mpaka vikashikana: pilipili kavu au mbichi, vitunguu saumu, vitunguu vidogo vyekundu, mchaichai, galangali (mzizi wa jamii ya tangawizi, mgumu zaidi, wenye harufu kali kama ya dawa), ganda la ndimu ya makrut, mizizi ya kotimiri na, mara nyingi, kapi. Kapi ni uduvi waliotiwa chumvi wakachachuka. Kwa hiyo anayedhurika na kamba asome kibandiko kabla hajalipa, na asiyekula vitu vya baharini vilevile.

Usione haya kununua iliyosagwa. Kwenye masoko ya Thailand pesti hurundikwa kwenye mabeseni kama vichuguu, nyekundu huku, kijani kule, inapimwa kwa mizani, na wanunuzi ni Wathai wenyewe wanaowahi kupika cha jioni. Kutwanga kinuni ni kuzuri, lakini si sharti.

Majina utakayokutana nayo sana ni Mae Ploy, ya kikopo cha plastiki cha gramu 400 au kilo 1, na Maesri, ya kopo dogo la bati la gramu 114. Mae Ploy ina chumvi nyingi na ukali wa kweli. Maesri ni ya upole kidogo, na kopo lake moja linatosha sufuria ya familia. Thai Kitchen ya chupa ndogo imelenga walaji wa Marekani, ukali wake ni wa kubembeleza. Ukipata hiyo, zidisha kipimo mara mbili. Mijini, tafuta kwenye supamaketi kubwa au maduka ya Wachina. Walio Maskati au Dubai wapite kwenye rafu za vyakula vya Kifilipino na Kithai. Walio Ulaya waende duka la Kiasia, ambako kikopo kikubwa mara nyingi ni nafuu kuliko kichupa cha supamaketi.

Geuza kikopo usome. Vinavyotajwa mwanzo viwe pilipili, vitunguu saumu, mchaichai. Ukikuta maji, sukari au wanga vimetangulia, hiyo ni sosi ya tayari ya kumwagia nyama, na hatua za hapa hazitakusaidia.

Kabla hujawasha jiko

Vipimo hivi ni vya mchuzi mwekundu wa kuku, watu wanne.

- Pesti nyekundu, vijiko 2 vya chakula vilivyojaa, kama gramu 50. Kama ni mara yako ya kwanza na Mae Ploy, anza na kijiko kimoja na nusu.
- Tui, kopo moja la mililita 400. Kwenye kibandiko pawe na nazi na maji, na nazi iwe asilimia 60 au zaidi. Lililoandikwa kuwa limepunguzwa mafuta liache dukani, maana mafuta ndiyo unayoyafuata. Una mbuzi na nazi mbili? Bora zaidi. Kamua tui zito kwa kikombe kimoja cha maji ya vuguvugu, liweke kando, kisha kamua la pili kwa kikombe kimoja na nusu.
- Kuku, gramu 450 za paja bila mfupa, vipande vya kutia mdomoni mara moja. Kidari hukauka. Kuku wa kienyeji hafai kuingia mbichi, atakushinda kutafuna; mchemshe kwanza mpaka alainike, na supu yake itumie badala ya maji.
- Sosi ya samaki, ile Wathai waiitayo nam pla: maji ya dagaa wa baharini waliolazwa na chumvi miezi mingi. Nasema sosi kwa makusudi. Ukimtuma mtoto "mchuzi wa samaki" atakuletea bakuli la changu.
- Sukari guru iliyoparuzwa, kijiko 1 cha chakula. Thailand hutumia sukari ya mnazi au ya mvumo. Sukari guru ya miwa iko karibu nayo kuliko sukari nyeupe.
- Mboga: nyanya chungu (ngogwe) 6 zilizokatwa robo na kulowekwa kwenye maji ya chumvi, na kiganja cha maharage machanga. Wathai hutumia bilinganya zao ndogo za mviringo. Nyanya chungu inakaa vizuri mahali pake kwa sababu haivurugiki, ila ina uchungu wake. Asiyeupenda atumie bilinganya la kawaida.
- Majani 4 ya makrut, yale yanayoonekana kama majani mawili yaliyoungana kichwa kwa mkia. Huuzwa yakiwa yamegandishwa. Ukiyakosa, chuna ukanda wa ganda la kijani la ndimu bila ile nyama nyeupe. Majani machanga ya mndimu wa uani yanafaa pia, harufu yake ni hafifu, weka mengi.
- Mrehani, kiganja kimoja. Wa Kithai una harufu inayokaribia shamari. Wa kwetu haulingani nao, lakini ni afadhali kuliko kukosa.
- Pilipili kubwa nyekundu 1, ya rangi zaidi kuliko ukali.
- Karai au sufuria pana, mwiko, na dirisha lililofunguliwa.

Usivyohitaji: kitunguu maji, nyanya, bizari, tangawizi, kidonge cha supu, unga wa kuzitishia. Najua mkono unavutwa kuvikaanga kwanza kitunguu na nyanya, ndivyo tulivyolelewa. Ukifanya hivyo utapata mchuzi wa kwetu wenye pilipili ya kigeni, na pesti uliyoilipia itapotelea humo.

Chumvi pia iweke mbali. Pesti ina chumvi, sosi ya samaki ni chumvi tupu. Mara yangu ya kwanza nilitia kijiko cha chai cha chumvi wakati nyama inaingia, kwa mazoea tu, na chakula chote kikaenda kwa majirani wenye kuku.

Hatua za mchuzi

1. Usilitikise kopo la tui. Lifungue taratibu, tui zito limeelea juu kama malai. Chota hilo tu, vijiko 6 hadi 8 vya chakula. Ukiishi penye joto na tui halijajitenga, laza kopo kwenye friji tangu asubuhi. Kwa tui la kukamua, chukua nusu kikombe cha lile zito.

2. Liweke karaini kwa moto wa wastani, bila mafuta, bila kufunika. Liache lichemke dakika 5 hadi 8, ukoroge mara mojamoja lisishike chini. Hapa sikio linafanya kazi kuliko saa. Mwanzoni utasikia tui linatokota kwa mapovu makubwa mazito. Maji yakipungua mapovu yanakuwa madogo, na sauti inageuka kuwa ya kukaanga, ile ya kitunguu kinapoangukia mafuta. Ukitazama pembeni utaona mafuta angavu yamejitenga na tui limekuwa kama maziwa yaliyoganda ovyo. Moyo utakwambia umeharibu. Hujaharibu, ndipo penyewe.

3. Punguza moto kidogo, tia pesti, iponde kwa mgongo wa mwiko mpaka isambae kwenye mafuta. Ikaange dakika 3 hadi 5 bila kuiacha peke yake. Utakohoa, na waliomo nyumbani watakohoa. Dirisha nililitaja kwa sababu hiyo. Alama za kuiva ni tatu: rangi imekoza, mafuta ya pembeni yamekuwa mekundu, na ile harufu ya kitunguu saumu kibichi inayochoma pua imegeuka kuwa tamu. Ikianza kushika karai, ongeza kijiko cha tui, siyo maji.

   Hii ndiyo hatua inayorukwa. Anayekoroga pesti kwenye tui lote baridi na kuchemsha, hata achemshe saa nzima, hapati kitu hiki, kwa sababu maji hayapandi joto la kukaangia.

4. Tia sukari guru iyeyuke, kisha sosi ya samaki kijiko kimoja cha chakula, siyo zaidi kwa sasa. Inanuka ikigusa karai. Baada ya dakika moja harufu hiyo huisha.

5. Ingiza kuku, mgeuze dakika 2 mpaka kila kipande kivae pesti.

6. Mimina tui lililobaki na robo kikombe hadi nusu kikombe cha maji, au tui la pili ulilokamua. Likianza kuchemka punguza moto, acha litokote polepole dakika 8. Sasa usifunike, mfuniko utarudisha maji uliyoyafukuza.

7. Tia nyanya chungu dakika 5, kisha maharage machanga dakika 3. Mboga zibaki na msimamo.

8. Onja ukiwa na punje za wali mdomoni, kwa sababu mchuzi huu haunywewi peke yake. Chumvi haitoshi? Ongeza sosi ya samaki, kijiko cha chai kwa kijiko cha chai. Ukali unakwaruza? Sukari guru kidogo. Mchuzi mwekundu na wa kijani hautiwi ndimu. Watu wengi wanaikamulia kwa kudhani kila kitu cha Kithai lazima kiwe na uchachu.

9. Rarua majani ya makrut, yatupe ndani pamoja na pilipili kubwa na mrehani, koroga mara mbili, zima moto.

10. Acha dakika 5. Mafuta mekundu yatapanda juu. Usiyaengue, ni sehemu ya chakula.

Utaona mchuzi wenyewe ni mwepesi, unakaribia supu. Ndivyo ulivyo. Ukizitisha kwa unga unaua kila kitu. Wali uwe mweupe kabisa, bila chumvi, bila mafuta, na hasa bila nazi: wali wa nazi chini ya mchuzi wa tui utakukinaisha kwenye kijiko cha tano. Mchele wa jasmini ndio wenyewe, lakini wa Kyela au pishori wa Mwea, kwa harufu yake, hautakuaibisha.

Tui likigoma kukatika

Hili linawapata sana wanaotumia tui la boksi. Baadhi ya viwanda hutia vishikizi ili maji na mafuta yasiachane rafuni, na ukilichemsha mpaka kesho linabaki laini kama maziwa. Usipigane nalo. Tia vijiko 2 vya mafuta ya kupikia karaini, kaanga pesti humo kwa moto mdogo, kisha ongeza tui kijiko baada ya kijiko ukikaanga. Wathai wengi wenyewe wanafanya hivyo siku ya kazi. Ladha inapungua kidogo, mlaji hatajua.

Pesti za rangi nyingine

Ya kijani inafuata hatua zilezile, ila usiikaange mpaka ikoze. Dakika 2 hadi 3 zinatosha. Kijani chake kinatokana na pilipili mbichi, na ukiichemsha sana mchuzi unageuka rangi ya matope. Usihadaike na rangi pia. Jina lake la Kithai, kaeng khiao wan, lina neno "tamu" ndani, na husemwa utamu huo ni wa rangi. Mara nyingi ni kali kuliko nyekundu.

Ya manjano ndiyo ya kuanzia watoto na wageni wasiopenda pilipili. Ina bizari ya manjano ndani. Inapenda viazi mbatata na kuku.

Panang ni nzito. Punguza tui na usiongeze maji kabisa, tumia nyama ya ng'ombe iliyokatwa nyembamba, tia kijiko cha karanga za kusaga, na majani ya makrut yakatwe kama nyuzi za kushonea yanyunyizwe juu.

Massaman ndiyo mtu wa pwani atakayoizoea siku ya kwanza. Mdalasini, iliki, karafuu, binzari nyembamba, kungumanga: viungo vya pilau vimekutana na mchaichai. Jina lenyewe linahusishwa na neno la zamani la kuwaita Waislamu, na ni chakula ambacho Waislamu wa Thailand wanajivunia. Hapa utaratibu unabadilika, kwa sababu nyama inataka muda. Chemsha kilo moja ya nyama ya ng'ombe au mbuzi kwenye tui la pili kwa moto mdogo saa moja na nusu hadi mbili, mpaka ilainike. Karai la pembeni, kata tui zito na ukaange pesti vijiko 3 kama tulivyofanya, ukitia kipande cha mdalasini na iliki 4. Changanya viwili hivyo, ongeza viazi vya robo, kiganja cha karanga zilizokaangwa, sosi ya samaki, sukari guru, na maji mazito ya ukwaju vijiko 2. Viazi vikiiva umemaliza. Ukwaju usiuache, bila huo Massaman inakuwa tamu ya kuchosha.

Ukishaizoea pesti nyekundu, jaribu khao soi ya Chiang Mai, kaskazini mwa Thailand: mchuzi mwekundu uleule, mwepesi zaidi, umetiwa kijiko cha chai cha bizari ya mchuzi wakati wa kukaanga pesti, unamwagiwa juu ya tambi za mayai, na nyingine kidogo zimekaangwa zikawa kavu za kutafuna juu. Hapo ndimu inaruhusiwa, inakamuliwa mezani.

Supu: tom yum ya kamba

Desemba 2024 UNESCO iliiingiza tom yum kung kwenye orodha yake ya urithi wa utamaduni usioshikika. Ni supu ya dakika 30, na ugumu wake wote uko kwenye kujua kipi kinaingia lini.

Andaa: kamba wabichi gramu 350 wenye vichwa, maji lita 1, mchaichai mashina 3, galangali vipande 6 vyembamba, majani ya makrut 5, uyoga gramu 200, pesti ya tom yum vijiko 2 vya chakula, sosi ya samaki vijiko 2, ndimu 3, pilipili kichaa kadiri ya ujasiri wako, na kotimiri.

1. Menya kamba. Vichwa na maganda usitupe. Vikaange kwa kijiko cha mafuta mpaka viwe vyekundu, mwagia maji, acha vitokote dakika 15, chuja. Anayetumia kamba waliomenywa tayari atapata supu, lakini ya nusu.

2. Ponda mashina ya mchaichai kwa kisu bapa, yakate urefu wa kidole. Tumia sehemu ya chini iliyo nene. Majani marefu tunayotilia chai yanatoa harufu lakini si ile. Yachemshe pamoja na galangali na makrut dakika 5. Mwambie mgeni mapema kwamba hivi havitafunwi, vinasukumwa pembeni ya bakuli. Galangali ikikosekana, tangawizi kidogo sana itasukuma siku, ila ladha inahama.

3. Koroga pesti ya tom yum. Hii haihitaji kukaangwa tena, kwa kawaida ina mafuta na viungo vyake vimeshakaangwa kiwandani. Pesti nyekundu ya mchuzi siyo mbadala wake.

4. Tia uyoga dakika 2, kisha kamba. Wakijikunja na kugeuka rangi, dakika moja au mbili, zima moto palepale.

5. Sasa, jiko likiwa limezimwa, tia sosi ya samaki, pilipili zilizopondwa, na mwisho ndimu. Ndimu ikichemshwa inapoteza harufu na kuacha uchungu. Anza na mbili, onja, uchachu unatakiwa utangulie chumvi kidogo.

6. Ukitaka ile nzito ya rangi ya machungwa, tia robo kikombe cha maziwa ya kopo yasiyo na sukari kabla ya kuzima moto, ndimu ifuate baadaye. Usitie tui, utakuwa umeingia kwenye supu nyingine.

Supu hiyo nyingine ni tom kha, ya tui na galangali nyingi. Changanya kopo la tui na kiasi hichohicho cha supu ya kuku, tia galangali vipande 10, mchaichai, makrut, kuku na uyoga, pika kwa moto mdogo, malizia kwa sosi ya samaki na ndimu moto ukiwa umezimwa. Hapa mazoea ya pwani yanarudi kazini: koroga polepole, tui lisikatike.

Mambo yakienda kombo

*Mchuzi ni chapwa.* Kwanza ongeza sosi ya samaki, kijiko cha chai kimoja. Bado? Sukari guru. Bado? Basi pesti haikukaangwa. Kata tui zito kidogo kwenye kikaango kingine, kaanga kijiko cha pesti, rudisha yote sufuriani. Usiongeze pesti mbichi juu ya mchuzi unaochemka, utaongeza ukali bila ladha.

*Chumvi imezidi.* Tui zaidi na mboga zaidi, kisha sukari guru chembe. Maji peke yake yanapunguza chumvi pamoja na kila kitu kizuri.

*Kali mno.* Tui tena. Maji ya kunywa hayasaidii mdomoni, wali unasaidia. Safari ijayo punguza pesti nusu kijiko.

*Una uchungu.* Ama pesti imeungua, na hiyo haina dawa, anza upya. Ama umechemsha ndimu. Ama ni nyanya chungu ambazo hukuzilowesha.

*Una mafuta mengi juu.* Hilo si kosa. Kama yanakukera, engua nusu, hifadhi kwenye kichupa, yakaangie mayai kesho asubuhi.

*Nyuzi zinakwama kooni.* Mchaichai uliokatwa vipande umekutana na mlaji asiyejua. Kwenye pesti umeshasagwa, ni wa supu tu unaoleta shida hii.

*Sitaki kitu cha baharini.* Tafuta pesti isiyo na kapi, zipo, na badala ya sosi ya samaki tumia sosi ya soya isiyo tamu, kwa kuonja.

*Pesti iliyobaki.* Iliyo kwenye kopo la bati ihamishie chupa ya kioo siku hiyohiyo. Ya kikopo cha plastiki funga ule mfuko wa ndani vizuri, iweke kwenye friji, chota kwa kijiko kikavu, itakaa miezi. Kama unapika mara chache, igawe vijiko viwili viwili kwenye trei ya barafu, igandishe, na kila kipande kitakuwa mchuzi wa siku moja.

*Mchuzi uliobaki.* Siku 3 kwenye friji. Upashe kwa moto mdogo na tui kidogo. Massaman ya jana ni tamu kuliko ya leo. Tom yum usiilaze, asubuhi utakuta ndimu imelala na kamba wamekuwa mpira.